Mifano Iwe ya Kweli

Mtu akikuambia kwamba ualimu ni wito, muulize kwanza kama amewahi kumfundisha baba mkwe wake Kiingereza. Mimi nimemfundisha. Nilimfundisha kwa miezi minne, mimi nikikaa upande mmoja wa ghala la mahindi na yeye upande wa pili, na kwa miezi hiyo yote nilichokiona cha mwanafunzi wangu kilikuwa gambuti mbili nyeusi za mpira na ncha ya bakora.

Ilikuwa mwaka wa 1971, kwetu Gesima. Ninaposema kwetu nina maana kwa mume wangu, kwa sababu mimi nilizaliwa upande wa Sironga, na huko ndiko nilikosoma hadi kidato cha pili kabla ya kuolewa. Ghala letu lilikuwa limeinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipande, na chini yake palikuwa na uwazi wa kama futi mbili. Hapo ndipo daftari lilipopita. Mzee alilisukuma kwa bakora likaja kwangu, nami nikalisukuma kwa mwiko likarudi kwake.

Sisi Abagusii tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ukitaka kukitafsiri utasema ni haya, lakini si haya ya kuona tu; ni sheria. Mkamwana hamkodolei macho baba mkwe. Hawapeani mkono. Hawakai benchi moja. Yeye haingii nyumbani mwangu hata mvua ya mawe ikimkuta mlangoni. Na kubwa kuliko yote, mkamwana hamwombi baba mkwe jambo lake kwa kinywa chake mwenyewe. Akiwa na haja humweleza mama mkwe, naye mama mkwe huifikisha. Sisi ni watu wa Sabato. Usabato ulituondolea pombe, ukatuondolea tumbaku, ukatuondolea hata chai, sisi ambao tunalima majani chai ekari mbili na hatuonji kikombe. Lakini chinsoni haukuigusa.

Sasa utauliza mzee wa miaka sitini alikuwa akitafuta nini kwenye Kiingereza. Baba mkwe wangu, Obadiah Nyamongo, ndiye aliyekuwa mkalimani wa makambi, ule mkutano mkubwa wa kanisa wa kila Agosti. Kwa miaka kumi na minane alisimama kando ya wahubiri wa Kizungu, wao wakisema Kiingereza na yeye akisema Ekegusii. Wale wa zamani walizungumza polepole, Kiingereza cha Biblia, akawamudu. Agosti ya mwaka ule akaja mhubiri mgeni, kijana, mwenye maneno mafupimafupi yanayorukaruka. Akapaza sauti: "Do not give up!" Alikuwa anasema msikate tamaa. Baba mkwe alijua kwamba give ni kutoa na up ni juu, akajumlisha, akawatangazia watu elfu moja: "Msitoe!" Sahani ya sadaka ilipopita, watu wakamtii mtumishi wa Mungu.

Ndipo Ogari, kijana anayepima majani kwenye kituo cha chai, aliposimama katikati ya mkutano akasema, "Ndugu mzee, hakusema hivyo." Akatafsiri mwenyewe, vizuri, kwa sauti nzuri, na watu wakasema Amina. Wazee wa kanisa walikutana baadaye wakaamua kwamba mwaka ujao wataona ni nani atakayesimama.

Baba mkwe hakula siku mbili. Siku ya tatu alimtuma mkewe kwangu, Persis Kemuma, mama mkwe wangu.

"Mzee anataka umfundishe vile vineno," akasema.

"Vineno gani, mama?"

"Vile vinavyogeuza mahubiri."

Nilikubali, na sababu sitaificha. Wiki ileile nilikuwa nimepata barua. Niliificha sandukuni, chini ya gauni la Sabato, na nilikuwa nimeisoma hadi mikunjo yake ikaanza kutoboka. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenipokea. Nilitakiwa kufika Jumanne tarehe 11 Januari 1972, kabla ya saa kumi jioni. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka nafasi ile. Nilikuwa nikichuma majani chai nikiihutubia michai kana kwamba ni darasa la nne.

Nilimwandikia mume wangu, Okemwa, ambaye alikuwa fundi wa magari Nairobi. Alijibu kwa mstari mmoja: "Mimi sina neno, muulize mzee." Muulize mzee! Mtu aliyezaliwa katika boma lile, anayejua kwamba mimi siwezi kumuuliza mzee hata saa. Basi nikafanya inavyotakiwa. Nikampelekea mama mkwe habari ile, nikamsomea barua. Akapiga makofi, akanibariki, akasema, "Nitamwambia."

Septemba ikapita. Mzee alikuwa na mafua, haambiwi jambo mtu mwenye mafua. Oktoba majani yalichipua kwa wingi, hakuna nafasi ya maneno. Novemba ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Desemba ng'ombe alikuwa amezaa. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, lakini vikapu vya majani vilikuwa viwili, changu na chake, na mimi nikiondoka vyote viwili vingekuwa vyake. Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata chembe.

Tuje kwenye masomo. Kiingereza kina vitenzi ambavyo mimi naviita vya mkia. Kitenzi chenyewe ni mnyama mpole, unamjua, unamfuga. Mfunge mkia mdogo tu, up au off au out, na tayari ni mnyama mwingine, anakupiga teke. Hakuna kanuni. Dawa yake ni mifano, sentensi za kila siku, mtu azizoee mpaka zimtoke zenyewe. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa Sironga, nami nikaanza na mfano wa kitabu changu cha shule: "John called on Mary." Nikaeleza kwamba call ni kuita, lakini ikiwa na on ni kumtembelea mtu. Yohana alimtembelea Maria.

Gambuti zilitulia. "Huyu Yohana ni wa ukoo gani?"

"Si mtu, Tata. Ni mfano." Tata ni baba kwa lugha yetu, na ndivyo nilivyomwita.

"Na Maria ni mke wa nani, hata anatembelewa tu hivyo?"

Nikaona heri niache ya kitabu nitumie mambo ya hapa nyumbani. Siku ya pili nikaandika: "The cow broke into Nyangate's maize." Nikamweleza kwa sauti kwamba break ni kuvunja, lakini ikipata into ni kuvamia mahali, yaani ng'ombe amevamia mahindi ya Nyangate. Nyangate ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Nilikuwa bado naeleza nilipotazama chini ya ghala nikaona gambuti hazipo.

Alikuwa amekwenda kwa Nyangate, debe la mahindi begani, kuomba radhi. Nyangate, ambaye hajawahi kukataa kitu cha bure, alilipokea debe akasema yamekwisha, mnyama ni mnyama. Mzee aliporudi alimkuta ng'ombe wetu amefungwa nyuma ya nyumba, anacheua, na kamba yake haijaguswa tangu asubuhi.

"Mkamwana," sauti ikatoka upande wa pili wa ghala. "Nimekwenda kumtubia ng'ombe dhambi ambayo hakuitenda."

"Tata, ule ulikuwa mfano."

"Amri ya tisa inasemaje?"

"Usimshuhudie jirani yako uongo."

"Uliandika jina la jirani?"

"Niliandika."

"Na alivamiwa?"

"Hakuvamiwa."

Bakora ikagonga chini mara moja. "Katika daftari langu haliingii neno ambalo si kweli. Mifano iwe ya kweli, au tusisome."

Jaribu wewe kufundisha hivyo! Kiingereza kina vitenzi vya mkia mamia kwa mamia, na kijijini kwetu hutokea mambo kama kumi kwa wiki, matano kati yake ni matanga. Kila kitenzi ilibidi nikingojee kitokee. Nilijikuta nachungulia uani kama kuku anayetafuta mchwa, nikiomba mtu avunje kitu, aamke, agombane, apande mti ashuke. Na nikipata sentensi ya kweli niliitilia alama ya vema kwa penseli nyekundu, kwa maana bila alama ile mzee hakufungua ukurasa mwingine.

Yeye naye akaanza kuwinda. Alhamisi moja lori la majani lilikufa njiani, na wakulima wote wakashika vichwa, maana majani yakilala hayana thamani. Baba mkwe peke yake alikuja mbio akichekelea: "Mkamwana! Limeharibika! Broke down! Andika!" Siku nyingine mama mkwe aliteleza na kikapu chake, akakaa matopeni. Mzee alimsimamia pale akapaza sauti ili nimsikie nikiwa jikoni.

"Hii ni fall down au fall off?"

"Niinue kwanza!" mama mkwe akalia.

"Ameanguka kutoka juu ya kitu, Tata, au ameanguka tu?"

"Ameanguka tu."

"Basi ni down."

Ndipo mama mkwe alipoinuliwa.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni wino. Mzee aliandika kwa kalamu ya wino, na hakukubali kupiga neno hata moja mstari wa kulikata. Kukata, alisema, ni kukiri kwamba uliongopa. Asubuhi moja ya Novemba aliandika mwenyewe, bila msaada, kwa fahari kubwa: "Persis put out the fire." Persis alizima moto. Nikamwambia sentensi ni safi, haina kosa, ila moto wenyewe bado unawaka, na moshi ule pale juu ya jiko. Kisha gambuti zikaelekea jikoni.

"Mama Okemwa, zima moto."

"Maharagwe hayajaiva!"

"Zima."

Mchana ule tulikula maharagwe yanayogonga meno kama changarawe. Binti yangu Bochaberi, wa miaka mitatu, aliyatema moja moja akayapanga sakafuni. Na sentensi ikapata alama yake ya vema, kwa sababu ilikuwa kweli.

Okemwa alikuja mwisho wa Desemba kwa siku nne. Nilimwambia, wewe ni mwanawe, mwambie. Akasema mambo hayo ni ya mama. Akala, akalala, akarudi Nairobi.

Jumatano, tarehe 5 Januari, tulikuwa kwenye herufi ya P ya kitabu changu cha shule, kwenye put tangu Novemba, maana put ana mikia kuliko wote. Zilikuwa zimenibakia siku sita. Asubuhi ile nilikuwa nimemfuata mama mkwe mpaka kisimani.

"Nitamwambia baada ya Sabato," akasema.

"Baada ya Sabato ni Jumapili, mama. Jumanne natakiwa huko."

"Si ndiyo? Si zitakuwa zimebaki siku mbili?"

Nilitaka kupiga yowe. Nilibeba maji mpaka nyumbani, nikayatua, nikaenda kukaa mahali pangu nyuma ya ghala. Mama mkwe alikuja akaketi kwenye kona, kama kawaida yake, akichambua maharagwe na kutuangalia sote wawili, maana ilitakiwa awepo mtu. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Bakora ikalisukuma daftari.

Put off ni kuahirisha. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya mvua na kupalilia, jambo la kweli lililotokea wiki ile. Badala yake mkono ukaandika: "Persis has put off telling you something for four months." Persis ameahirisha kwa miezi minne kukuambia jambo. Nikalisukuma kabla sijajuta.

Mzee akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Mama mkwe alisikia jina lake akainua kichwa, anatabasamu. "Ananitaja? Nimefanya nini kizuri?"

"Ni mfano, mama," nikasema.

Gambuti hazikusogea. Nikasikia kalamu ikikwaruza. Daftari likarudi, na chini ya sentensi yangu palikuwa na neno moja: "What?" Jambo gani.

Basi, nilikuwa nimekwisha kuingia mtoni. Kuinua gauni hakukuwa na maana tena. Nikaandika tatu kwa mpigo. "The teachers' college has let Drusilla in." Chuo cha ualimu kimempokea Drusilla, Drusilla ni mimi. "She must check in by Tuesday." Lazima aripoti kufikia Jumanne. "If not, they will give away her place." Asipofika, nafasi yake itapewa mwingine. Kila moja ilikuwa na kitenzi cha mkia. Hata katika kuvunja sheria nilibaki mwalimu.

Safari hii hakusoma kwa sauti. Alikaa na daftari muda mrefu hata mama mkwe akamaliza ungo mmoja wa maharagwe akaanza mwingine.

"Mkamwana," akasema hatimaye. "Hii ni mifano?"

"Ni mifano, Tata."

"Na sharti la daftari hili unalijua."

"Nalijua."

Gambuti zikaondoka, zikaondoka na daftari.

Alhamisi hakukuwa na somo. Mzee alitoka alfajiri, akarudi jioni amelowa mpaka magotini, hakusema neno na mtu. Ijumaa alitoka tena. Mimi nilichuma majani siku hizo mbili bila kujua mikono yangu inafanya nini. Nilijiambia nimekwisha. Nimeomba jambo langu kwa baba mkwe, tena kwa wino, tena kwa lugha ambayo mama mkwe aliyekaa pale kama shahidi haijui. Ningerudishwa Sironga kwa aibu, au ningebaki pale nichume chai mpaka mgongo upinde. Nilimkasirikia Okemwa kwa mstari wake mmoja. Nilimkasirikia mama mkwe. Nilimkasirikia hata yule ng'ombe. Na mzee ndiye niliyemkasirikia zaidi, kwa sababu mtu akinyamaza huna pa kumshika.

Ijumaa ile jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja kuzama. Likishazama ni Sabato, na Sabato mzee hashiki kalamu. Nilikuwa naanua nguo niliposikia bakora ikigonga nguzo ya ghala. Nikakimbia. Daftari lilikuwa limekwisha kusukumwa, liko wazi vumbini. Palikuwa na sentensi mpya, herufi kubwakubwa, wino bado unang'aa: "Drusilla set off on Monday."

Drusilla alianza safari Jumatatu.

Unafikiri nilifurahi? Mimi nimekwisha kukuambia nilivyoharibika. Nilichokiona kwanza ni kosa.

"Tata, leo ni Ijumaa. Jumatatu haijafika. Hii si kweli bado."

"Siku za juma nazijua."

"Basi tuikate, tuandike kwamba ataanza..."

"Ni wino," akasema. Gambuti zikageuka zikaelekea nyumbani, kwa sababu jua lilikuwa linazama.

Nilibaki nimeshika nguo mbichi kifuani. Kisha nikayakumbuka yale maharagwe.

Jumapili asubuhi mama mkwe alisimama mlangoni pangu, mikono kiunoni. "Nasikia nimeandikwa."

Nilikuwa nimeiona sentensi hiyo Ijumaa usiku, chini ya ile ya safari yangu, imebanwa ukingoni mwa ukurasa. Nikamsomea: "Persis is looking after the child." Persis anamlea mtoto.

"Na haifutiki?"

"Mzee hafuti, mama."

Akatazama michai yetu kule mteremkoni, safu kwa safu, kisha akamtazama Bochaberi. "Mzee huyu!" akasema. "Mzee huyu atanizika kwa sentensi." Akainama, akamweka mtoto mgongoni, akamfunga kwa leso, na alipokwenda zake nilimsikia akimuuliza kama angependa uji. Nikalia kidogo. Kumwacha mtoto wa miaka mitatu si kazi rahisi, hata kama umeomba mwenyewe.

Jumatatu mvua ilinyesha kama imetumwa. Kufikia saa moja asubuhi barabara ya Gesima ilikuwa tope tupu, na habari ikaja kwamba hakuna gari litakalofika huku juu siku hiyo. Mimi nikapumua. Nikamtuma mama mkwe amwambie mzee kwamba hakuna neno, natakiwa Jumanne jioni, kesho nikidamka nitawahi. Mama mkwe akaenda, akarudi.

"Anasema daftari halikuandika Jumanne."

"Lakini mama, mvua!"

"Nimemwambia. Anasema mvua nayo haikuandikwa."

Tukatembea. Kutoka Gesima hadi barabara kuu ya Keroka ni saa tatu kwa mguu siku ya tope. Sanduku langu lilifungwa kwenye baiskeli yake, limefunikwa kwa turubai, naye akaisukuma baiskeli mbele, mimi nikifuata hatua ishirini nyuma kama inavyotakiwa. Hakugeuka hata mara moja. Mimi niliteleza nikaanguka mara mbili, na mara zote mbili alisimama, akangoja akiwa amenipa mgongo, mpaka aliposikia nimesimama. Ya pili alipaza sauti bila kugeuka: "Down!" Nilimkasirikia hata nikasahau baridi.

Keroka basi la Kisii lilikuwa limesimama, linangurumisha injini, kondakta anapakia mikungu ya ndizi. Sanduku langu likapandishwa. Tulijibanza kwenye baraza la duka kungojea, mzee mwisho huu akitazama ukuta, mimi mwisho ule nikitazama barabara.

"Tumefika herufi gani?" akauliza ukuta.

"P, Tata."

"Zimebaki nyingi?"

"Nyingi. Vitenzi vingi."

Akatikisa maji kutoka kwenye kofia. "Basi Agosti asimame Ogari."

Miaka kumi na minane, na alikuwa ameiachia kwa maneno manne. Kisha likanijia jambo ambalo lingenijia Ijumaa kama ningekuwa na akili zangu. Kitabu cha shule ninacho mimi, na herufi ya S hatujaigusa.

"Tata, hiyo set off. Mimi sijakufundisha. Uliitoa wapi?"

Akaigeuza kofia mikononi.

"Nilimuuliza Ogari," akasema. "Alhamisi hakuwapo kituoni. Nikarudi Ijumaa."

Nilimwona pale kituoni kana kwamba nilikuwapo: mzee wa kanisa katika foleni ya wanawake wenye vikapu, hana kikapu, anangoja zamu yake mbele ya kijana aliyemnyang'anya maneno mdomoni mbele ya watu elfu moja, ili amuulize Waingereza husemaje mtu anapoanza safari. Nililia pale barazani kwa sauti, wala sikujificha.

"Nyamaza," akauambia ukuta. "Watu watasema nimekupiga. Ile penseli nyekundu unayo?"

Ilikuwa mfukoni. Niliiweka kwenye benchi katikati ya baraza, nikarudi mahali pangu. Akaja, akaichukua, akarudi mahali pake. Akatoa daftari ndani ya koti, limefungwa kwa nailoni, akalifungua, akaiweka penseli juu ya ukurasa. Lakini hakuandika.

"Tata, leo ni Jumatatu," nikasema. "Andika tu."

"Panda kwanza."

Nikapanda. Nikapata kiti cha dirishani, nikafuta ukungu kwa kiganja. Mkamwana hamkodolei macho baba mkwe wake, lakini kati yetu palikuwa na kioo na mvua, nikamtazama. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameketi kwenye benchi, daftari gotini, penseli mkononi, macho yake yameganda kwenye magurudumu ya basi. Magurudumu yalipozunguka, si kabla, akainama akaitilia alama ya vema.